Duma wa Kuno na daftari la Bhai: namna ya kusoma habari kwa ajili ya mitihani ya India

Nilifika Delhi Agosti 2022 kusoma shahada ya pili. Chumba nilichopata kilikuwa Old Rajinder Nagar, karibu na Karol Bagh, ghorofa ya tatu, na mwenzangu wa chumba alikuwa kijana wa jimbo la Bihar ambaye mtaa mzima ulimwita Bhai, yaani kaka. Mimi nilikwenda kusoma chuo, yeye alikwenda kusoma gazeti. Sitanii. Saa kumi na mbili asubuhi gazeti lilirushwa mlangoni, naye alikaa nalo mpaka saa tatu, kalamu mkononi, kama hakimu anayepitia jalada la kesi.

Mtaa ule umejaa watu wa namna hiyo. Wanasubiri mtihani wa UPSC, tume inayowapata maofisa wa juu wa serikali ya India. Kila mwaka waombaji hufika kama milioni moja, na nafasi zilizotangazwa 2024 zilikuwa 1,056. Asiye katika makundi maalumu anaruhusiwa kujaribu mara sita, na mwisho ni umri wa miaka 32. Kwanza kuna mchujo, kisha mtihani mkuu wa kuandika, kisha usaili. Karatasi ya mchujo inayoamua ina maswali 100 ya kuchagua, alama 200, muda wa saa mbili, na ukikosa swali unakatwa theluthi ya alama zake. Katika muhtasari wake, mstari wa kwanza kabisa unataja matukio ya sasa yenye umuhimu wa kitaifa na kimataifa. Basi. Mstari mmoja, na dunia nzima imo humo.

Kama unadhani hayo ni ya Wahindi wenyewe na sisi hayatuhusu, hata mimi nilidhani hivyo mpaka Bhai aliponionyesha tangazo la mtihani. Katika kipengele cha uraia wametajwa watu wenye asili ya India waliohama kutoka nchi kadhaa, zikiwemo Kenya, Uganda na Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, kwa nia ya kuishi India moja kwa moja. Hao wanaweza kuomba baadhi ya nafasi, ingawa kwa nafasi za juu za utawala na polisi lazima uwe raia. Nililisoma jina la nchi yangu mara mbili. Na hata kama huombi India, aliyewahi kuketi kwenye usaili wa mchujo wa Sekretarieti ya Ajira ataona kwamba ugonjwa ni uleule.

Sasa niseme kosa langu, maana ndilo lililonifundisha.

Tarehe 17 Septemba 2022 duma wanane kutoka Namibia waliachiwa katika hifadhi ya Kuno, jimbo la Madhya Pradesh. Magazeti yalijaa picha. Jioni nikajitolea kumpima Bhai. Mimi ni mtu wa kaskazini mwa Tanzania, duma kwangu si mnyama wa kwenye televisheni, nikajiona mtaalamu. Nikamuuliza: wangapi? Wanane. Dume wangapi, jike wangapi? Watatu kwa watano. Waziri Mkuu aliwaachia siku gani? Siku yake ya kuzaliwa. Akapata yote, nikampa hongera, tukaenda kunywa chai.

Jumapili akafanya mtihani wa kujipima kwenye kituo chake cha tuisheni. Swali la duma lilikuwepo, na hakuna hata moja kati ya niliyomuuliza lililotajwa. Waliuliza kama duma wa Asia bado anapatikana porini na wapi. Anapatikana Iran peke yake, naye yuko katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, wakati yule wa Afrika yuko madaraja mawili chini yake. Waliuliza pia Mto Kuno unaingia mto gani. Unaingia Chambal. Bhai alipata nusu, akarudi amenuna siku nzima.

Usiku huo tukaanza upya na habari ileile. Duma alitangazwa kutoweka India mwaka 1952. Kabla duma wa Namibia hawajaletwa, hifadhi ya Kuno ilikuwa ikiandaliwa kupokea simba kutoka Gir, Gujarat, na Mahakama ya Juu ilikuwa imeshaamuru hivyo mwaka 2013. Kumleta mnyama wa jamii moja badala ya mwingine ni hoja ya ikolojia, ni hoja ya sheria, na pia ni mvutano kati ya majimbo. Kwa habari moja ya duma tukapata jiografia, mazingira, sheria na siasa. Idadi ya duma ilikuwa na kazi moja tu, kutufungulia mlango.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ukitaka uache kusoma hapa, ni huu: usikariri habari. Iulize imesimama juu ya nini. Watunzi wa UPSC wanajua umeona picha ya duma. Wanachotaka kujua ni kama ulifungua ramani.

Mwaka mmoja baadaye nikapata nafasi ya kulipa deni. Septemba 2023 Delhi ilifungwa kwa ajili ya mkutano wa G20, kundi la wenye uchumi mkubwa duniani, tukawa tumekaa ndani na televisheni ya anti mwenye nyumba. Tarehe 9 Waziri Mkuu Modi akatangaza kwamba Umoja wa Afrika umekuwa mwanachama wa kudumu, akamwita mwenyekiti wake wa wakati huo aje aketi mezani. Alikuwa Azali Assoumani, Rais wa Komoro. Bhai akageuka: "Komoro iko wapi?" Nikaona raha isiyo kifani. Nikamchorea Mlango-Bahari wa Msumbiji kwenye bahasha, nikamwekea Moroni, nikamweleza kwamba Kikomoro na Kiswahili ni ndugu kiasi kwamba nikimsikiliza Mngazija nashika maneno mengi. Yeye, kwa kuwa alishajifunza, hakuishia kwangu. Aliandika: Umoja wa Afrika, makao Addis Ababa, wanachama 55, OAU ilianzishwa 25 Mei 1963, umoja wa sasa ulizinduliwa 2002. Chini yake: G20 haina sekretarieti ya kudumu, ilianza 1999 baada ya mtikisiko wa fedha wa Asia, viongozi wakuu wakaanza kukutana 2008. Ukurasa mmoja, dakika ishirini.

Mwaka huohuo alikuwa ameshanishika na habari nyingine ya nyumbani kwetu. Mkataba wa IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, kufungua kampasi Zanzibar ulisainiwa Julai 2023, kampasi ya kwanza ya IIT nje ya India, na aliyeniambia ni yeye. Mimi nilikuwa na makundi manne ya WhatsApp ya Watanzania na sikuwa na habari.

Kuhusu daftari lenyewe. Bhai alikuwa na simu iliyojaa pdf za muhtasari wa mwezi, zile zinazogawiwa Telegram kama karanga. Nilihesabu siku moja: faili zaidi ya 90, zilizofunguliwa hazifiki kumi. Kila alipopakua alijisikia amesoma. Tulizifuta zote isipokuwa za chanzo kimoja, akabaki na gazeti moja, taarifa za PIB (idara ya habari ya serikali, tovuti yake ni bure) na daftari. Wakubwa wa mtaa hubishana The Hindu au The Indian Express kama watu wanavyobishana Simba na Yanga. Chukua lolote, ila usichukue yote mawili.

Daftari lilipangwa kwa mada, si kwa tarehe. Hili watu hulidharau. Ukiandika kwa tarehe, Machi hutakumbuka kwamba jambo hilohilo uliliandika Novemba. Bhai alikuwa na ukurasa wa ardhi oevu, kwa sababu India huongeza mara kwa mara maeneo ya Ramsar, yaani ardhi oevu zinazotambuliwa na mkataba wa kimataifa. Juu aliandika mambo yasiyobadilika: mkataba ulisainiwa Ramsar, Iran, 1971, maeneo ya India yaliyo kwenye orodha ya yaliyoharibika au kutishiwa, inayoitwa ya Montreux, ni mawili, Keoladeo na Loktak. Chini, idadi kwa penseli. 75 mwezi Agosti 2022, ikakatwa. 80 Januari 2024, ikakatwa. Tarehe 5 Juni 2024, siku kumi na moja kabla ya mchujo, ikawa 82, na mawili mapya, Nagi na Nakti, yako Bihar kwao. Alicheza chumbani. Kwa aliyepanga kwa mada, hiyo ilikuwa kazi ya kufuta tarakimu moja.

Kabla ya yote, jua unakwenda mtihani upi. Ya SSC (tume ya ajira za serikali za ngazi ya kati na ya chini) na ya reli haina subira na falsafa hizi. Katika mchujo wa SSC CGL, ule wa wenye shahada, maswali 25 kati ya 100 ni ya maarifa ya jumla, na huko nani alishinda kombe gani, ngoma ipi ni ya jimbo lipi, ni maswali halali kabisa. Reli, RRB NTPC, hatua ya kwanza ina 40 kati ya 100. Hapo kukariri kunalipa, na anayesoma tahariri kwa muda wa saa tatu kila asubuhi anapoteza muda. Wa benki waijue Benki Kuu ndani nje: riba ya repo, ile inayotozwa benki zikikopa Benki Kuu, ilikaa asilimia 6.5 kuanzia Februari 2023 hadi Februari 2025, lakini wajue pia kwamba kamati inayoipanga ina watu sita na kwamba lengo la mfumuko wa bei ni asilimia 4, ikiruhusiwa kupanda au kushuka kwa 2.

Kuhusu kubahatisha nina maneno machache. Zamani mtu aliweza kuwa na hakika na kauli moja tu kati ya tatu na bado akapata jibu kwa kuondoa machaguo. Mchujo wa 28 Mei 2023 ulijaa maswali ya aina nyingine: je, ni kauli ngapi kati ya hizi ni sahihi, moja, mbili, au zote tatu? Hapo usipozijua zote, huna pa kushika. Bhai alijibu karibu kila swali, akaanguka. Majibu matatu mabaya yanafuta moja zuri, na yeye alikuwa na mabaya mengi. Mwaka uliofuata tulifanya zoezi la kuacha. Kila Jumapili nilimpa maswali hamsini na kumwadhibu kwa kila aliloandika bila sababu ya kunieleza. Adhabu ilikuwa kuosha vyombo. Mwezi wa kwanza sikugusa sufuria.

Jambo moja zito kidogo. Mtaani kwetu, kama mitaa mingi ya tuisheni, watu hukodi viti vya kusomea, na baadhi ya vyumba hivyo viko chini ya ardhi. Julai 27, 2024 maji ya mvua yaliingia katika kimoja hapo Old Rajinder Nagar, wanafunzi watatu wakafariki. Mimi nilikuwa nimeshaondoka, Bhai alikuwa kwao. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kama lazima ahamie Delhi, namwambia kwa upande wa matukio ya sasa hakuna kitu kule ambacho hakifiki kijijini kwake kwa simu. Gazeti ni lilelile. Kama una dirisha na mtu wa kukuuliza maswali jioni, kaa kwenu.

Bhai alipita mchujo wa 16 Juni 2024. Mtihani mkuu ulimwangusha, na baadaye akaingia serikalini kwa mtihani mwingine, mdogo kidogo, ambao anausema kwa sauti ya chini bila sababu. Ila Jumapili hajaziacha. Ananitumia swali moja kwa WhatsApp, na nisipojibu mpaka usiku anatuma alama ya sufuria. La juzi: Tanzania ina maeneo mangapi ya Ramsar? Nikaandika haraka haraka, matatu: Malagarasi-Muyovozi, Bonde la Kilombero, Rufiji-Mafia-Kilwa. Akajibu kwamba ni manne, nimeliacha Ziwa Natron.

Nimezaliwa Arusha.