Maswali Yenu: Soli Iliyomeguka Kabatini

SWALI: Niliweka raba zangu za mazoezi kabatini karibu miaka minne, zikiwa ndani ya boksi lake. Juzi nimezivaa kwenda kukimbia Coco Beach, soli ikaachia huku ikimwaga unga. Nimepaka supa gluu, imeshika siku moja tu. Je, niliuziwa feki?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Si lazima, ndugu yetu. Hata raba za bei kali hufa hivyo. Soli ya katikati, ile laini inayobonyea, kwa baadhi ya raba ni povu la poliyurethani, aina ya plastiki, na aina yake ambayo molekuli zake zimeungwa kwa viungo vya kikemikali viitwavyo esta huvunjwa na maji. Si mpaka zilowe. Unyevu wa hewa unatosha, na joto huongeza kasi. Kwa hali ya hewa ya Dar, kabati lisilopitisha hewa limezimaliza taratibu. Ubaya zaidi, kuvunjika huko huzalisha asidi, nayo asidi huchochea kuvunjika zaidi, ndiyo maana soli huonekana nzima halafu inaporomoka ghafla.

Kwanza bonyeza povu kwa ukucha. Likimeguka, usipoteze hela: gundi itashika unga, haitashika soli. Likiwa zima na kilichoachia ni gundi tu, zinatengenezeka, ila si kwa supa gluu. Ile ikikauka huwa ngumu kama kioo, na soli hupinda kila hatua.

Tafuta gundi nzito ya kopo wanayotumia mafundi viatu. Kwangua gundi ya zamani, sugua pande zote mbili kwa msasa namba 80, futa vumbi kwa kitambaa chenye asetoni kidogo, acha pakauke. Paka tabaka jembamba huku na huku, kisha subiri dakika 10 hadi 15, mpaka ukigusa kidole hakinati. Hapa ndipo wengi huharibu: wanabandika gundi ikiwa mbichi, kiyeyushi, yaani kimiminika kinachoifanya iwe laini, kinanaswa ndani, gundi inabaki laini. Lenga vizuri kabla ya kubandika, maana zikishagusana hazisogezeki. Gonga kwa nyundo, zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, ziache saa 24. Kazi hiyo ifanyie nje, mbali na jiko la mkaa. Mvuke wa gundi na asetoni hushika moto.

Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu usivitupe, vinanyonya unyevu. Na usifungie raba zenye jasho kwenye mfuko wa plastiki.

SWALI: Mpira wa timu yetu ya mtaa hauna tundu lakini unapungua upepo kila baada ya siku mbili. Kwa nini?
Kocha, Kigamboni

JIBU: Pengine kibofu chake, yaani mfuko wa ndani unaojazwa upepo, ni cha mpira wa asili, latexi. Kinadunda vizuri, lakini molekuli za hewa hupenya katikati ya minyororo ya molekuli za mpira huo. Kibofu cha butili, mpira wa kutengenezwa kiwandani, huzuia hewa zaidi. Hicho kinafaa kwa timu yenye pampu moja.

Kabla ya kulaumu kibofu, weka maji ya sabuni kwenye valvu uone kama kuna mapovu. Sindano ya pampu ilowanishe kwa gliserini ya duka la dawa. Mafuta ya mgando yatokanayo na petroli hufanya mpira uvimbe na kulegea, hapo valvu ndiyo itavuja kweli. Sheria za soka zinataka presha ya atmosfia 0.6 hadi 1.1 juu ya ile ya hewa ya kawaida (atmosfia moja ni presha ya hewa kwenye usawa wa bahari). Kwa uwanja wa mchanga, 0.7 inatosha.