Pong ya watu wawili kwenye laptopu moja

Ndugu yangu wa Kondele, umeuliza mbona ukicheza Pong, ule mchezo wa video wa kurudishiana mpira kwa vibao viwili, na mdogo wako kwenye brauza ukurasa unapanda na kushuka, na mbona yeye anakufunga kila siku.

La ukurasa ni dogo. Mishale ya kibodi ndiyo inayousukuma. Bofya ndani ya mchezo kwanza, au jaribu skrini nzima kwa F11. Wewe shika W na S, yeye abaki na mishale, kama mchezo wenyewe umepangwa hivyo.

La kufungwa ndilo lenye utamu. Pong ya kampuni ya Atari ya mwaka 1972 ilikuwa ya watu wawili tu, na Allan Alcorn aliyeiunda aligawa kila kibao vipande 8. Mpira ukigonga katikati unarudi moja kwa moja. Ukigonga ncha unakatika kwa pembe kali. Tena kadiri mnavyorudishiana ndivyo unavyoshika kasi. Sasa wewe nadhani unaukinga kwa tumbo la kibao, unampa mpira wa kupokea akiwa amelala. Upokee kwa ncha. Huyo mdogo pengine alishaligundua hilo akanyamaza!

Mashine ya zamani pia ilikuwa na mwanya juu ya skrini ambao vibao havikufikia, na Alcorn aliuacha hivyo hivyo. Kwenye nakala yenu, peleka kibao juu kabisa uone kama upo. Mwanya ukiwepo, lenga mpira huko.