Tansio, mlima wa Kadutu na kijiko cha chumvi

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Una miaka 34, unakaa dukani Nyawera, hapa Bukavu, tangu asubuhi hadi jioni, muuguzi amekupima akakuta tansio, yaani shinikizo la damu, 15 kwa 10, suruali hazifungi tena, na unauliza uanzie wapi wakati huna pesa ya kulipia chumba cha mazoezi wala saa ya ziada. Wenzangu wamekushauri ununue kamba ya kuruka, uache bugali kabisa, unywe maji ya ndimu asubuhi. Mimi ni mama wa miaka 49, fundi wa kushona, na tansio ninayo mwaka wa 6 sasa. Nitakueleza yaliyonipata, hata pale nilipokosea.

Tuanze na hiyo namba. 15 kwa 10 ni 150 kwa 100 kwenye mashine. Tansio huhesabiwa kuwa ya juu kuanzia 140 kwa 90, lakini kipimo kimoja hakitoshi kumwambia mtu ana ugonjwa. Siku yangu ya kwanza nilikuwa nimepanda mbio mpaka kituo cha afya, nikafungwa mashine jasho bado linanitoka, mdomo wangu unaongea na jirani wa benchi. Ikatoka 17 kwa 11. Muuguzi mwingine, mama mtu mzima, akaja akasema: "Mama, kaa kwanza. Miguu yote chini, usiikunje. Egemea. Mkono juu ya meza, usawa wa moyo. Nyamaza kidogo." Baada ya dakika 5 ikatoka 16 kwa 10. Ilikuwa bado juu, ila haikuwa ile ya kwanza. Alinirudisha siku nyingine mbili kabla daktari hajaandika dawa. Nawe rudi, na ukienda usiwe umetoka kunywa kahawa, na nenda msalani kwanza, maana kibofu kilichojaa nacho hupandisha namba.

Nasisitiza hili kwa sababu ya yaya wangu, mkubwa wangu tuliyezaliwa naye tumbo moja. Yeye alikuwa na tansio kabla yangu. Alikuwa akimeza dawa siku kichwa kinapomuuma. Kikipoa, anazifunga kwenye kitambaa na kuziweka juu ya kabati. Kisha mtu mmoja anayeuza dawa za majani kwenye chupa akamwambia aache kabisa vidonge vya hospitali. Akaacha. Miezi miwili baadaye, asubuhi moja akiwa anachambua maharagi, kikombe kilimdondoka, akataka kuniita jina langu likatoka limepinda. Upande wa kulia mpaka leo hauna nguvu. Alikuwa hajasikia maumivu yoyote wiki ile. Tansio mara nyingi haiumi, mdogo wangu. Kwa hiyo usingoje kichwa, na kama daktari atakuandikia dawa, imeze kila siku hata ukijisikia mzima. Mimi dawa ya kwanza ilinipa kikohozi kikavu kisichoisha. Sikuiacha kimyakimya, nilirudi nikamweleza daktari, akanibadilishia nyingine, kikohozi kikaisha.

Sasa habari ya mwili. Niliyojifunza ni kwamba sikuhitaji kuongeza kitu kipya kwenye siku yangu. Nilihitaji kubadilisha vitu vitatu nilivyokuwa navyo tayari: njia, chungu na kiti.

Njia. Naishi Cimpunda, kule juu Kadutu, kazi yangu iko chini, upande wa Ibanda. Miaka mingi nilishuka kwa moto, yaani pikipiki ya abiria, na kupanda kwa moto. Daktari alipotaja dakika 150 za mwendo kwa wiki nilishtuka, nikadhani ni mambo ya wanariadha. Lakini ukizigawa ni dakika 30 kwa siku 5, na mtu wa Bukavu hata hatafuti uwanja, mji wote ni mlima. Nilianza na kipande kidogo tu: nikipanda jioni, nateremka kwenye moto nikiwa nimebakiza dakika 10 kufika nyumbani, namalizia kwa mguu. Wiki ya tatu nikafanya 15. Mwezi wa tatu nikawa napanda njia yote, kama dakika 40, pamoja na jirani yangu ambaye naimba naye kwaya. Kipimo chetu ni kuimba huko huko: tukiweza kuongea lakini hatuwezi kuimba ubeti mzima, mwendo unatosha. Tukiweza kuimba, tunaongeza hatua. Tukishindwa hata kuongea, tunasimama tunaangalia ziwa mpaka pumzi irudi.

Utaona sikutaja kushuka. Kushuka ndiko kulikoniumiza. Wengi hudhani mlima unaua magoti wakati wa kupanda, lakini uzito wote huangukia goti unaposhuka, hasa ukiwa mnene kama nilivyokuwa. Wiki ya pili goti la kushoto lilivimba. Tangu hapo asubuhi nashuka kwa gari, jioni napanda kwa mguu, na pale penye mteremko mkali napita kwa kukatakata, hatua fupi. Na usivae kandambili. Kuanzia mwezi wa 9 mvua inaporudi, ule udongo wetu mwekundu unateleza kama sabuni. Nina viatu vya raba vyenye meno chini, nilivinunua vya mitumba, na siku ya mvua kubwa sipandi kwa mguu. Wala sitembei gizani. Mwendo wako uwe wa mchana, na mwenzako, njia yenye watu.

Nikija kwenye chungu, hapa ndipo naomba usome polepole, maana hapa ndipo namba yangu ilishuka zaidi kuliko kwenye mlima.

Mama muuguzi yule aliniambia chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na samaki. Nikajibu kwamba mimi situmii chumvi nyingi. Jioni ile nilipika maharagi ya watu 6. Kabla sijatia chumvi, niliimwaga kwenye karatasi kiasi kile kile ninachomwaga kila siku kwa kiganja, nikakipima kwa kijiko. Kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano. Na pembeni vile vidonge vya kukolezea mboga viwili, ambavyo sehemu kubwa yake ni chumvi hiyo hiyo. Yaani chungu kimoja cha jioni kilikuwa kinakaribia kummalizia kila mtu chumvi yake ya siku, na mchana tulikuwa tumekula makayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Nilikaa na ile karatasi mbele yangu muda mrefu. Nilikuwa nikiwapikia wanangu.

Sikukata yote siku moja. Mume wangu angesusa sahani. Wiki ya kwanza vijiko 4 na kidonge kimoja. Baada ya wiki mbili vijiko 3. Mwezi wa pili tukafika 2, vidonge nikaacha. Mahali pake nikaongeza kitunguu kingi, nyanya, seleri, kitunguu saumu, na ndimu mwishoni chungu kikishatoka motoni. Ulimi huzoea. Leo tukialikwa mahali, watoto wenyewe ndio wanaosema mboga ina chumvi. Makayabo tunakula mara chache, nayalowesha usiku kucha na kubadilisha maji mara mbili. Siku nyingi nanunua sambaza wabichi, wale samaki wadogo, tunawala na mifupa yao, na mifupa ile ina kalsiamu. (Watoto wangu hawaamini nikiwaambia sambaza si wa ziwa letu kwa asili, waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959.)

Mawese sikuyaacha. Sombe, yaani majani ya muhogo, bila mawese kwangu si sombe. Ila karibu nusu ya mawese ni mafuta mazito yale yanayoganda, ambayo si mazuri kwa mishipa ya moyo yakizidi, kwa hiyo siyamimini tena kwa chupa, napima vijiko. Bugali nayo usiiache kama ulivyoambiwa. Utalala na njaa na baada ya siku 4 utaila ya watu wawili. Geuza sahani tu. Zamani bugali ilikuwa mlima na lengalenga, yaani mchicha, kando kidogo. Sasa lengalenga au maharagi yanachukua nusu ya sahani, bugali robo. Na avoka zetu, ndizi, marakuja, hivyo vipo sokoni Kadutu kila siku. Zile pesa nilizokuwa nalipa moto wa kupanda jioni ndizo zinazonunua matunda.

Wewe unakaa dukani, basi sukre, yaani soda, inakuwa karibu na mkono. Chupa ya sentilita 33 mara nyingi ina sukari gramu 35 hivi, kama vijiko 8 vya chai. Usingekubali nikutilie vijiko 8 kwenye kikombe. Anza hapo, ni rahisi kuliko bugali.

Kiti ni habari fupi. Nilikuwa nashona kwa muda wa saa 3 bila kuinuka, pasi iko pembeni yangu. Nikaihamishia pasi upande wa pili wa chumba. Kila kola, kila mkono wa blauzi, nasimama, natembea, napiga pasi, narudi. Wewe weka bidhaa zinazoulizwa sana mbali na kiti chako. Na mara mbili kwa wiki, kabla ya kufunga, keti na kusimama mara 10 bila kushika meza, pumzika, rudia mara mbili. Misuli ya mapaja inahitaji kazi yake, mwendo peke yake hautoshi.

Jambo moja sikulitaja kwa daktari mpaka aliponiuliza: usingizi. Mtaani kwetu umeme ulikuwa unakuja usiku, saa 5 au saa 6, na ukija sote tunaamka, huyu anachaji simu, huyu anapiga pasi, mimi nashona. Nilikuwa napata usingizi wa saa 4 tu kwa usiku. Daktari akasema mtu mzima anahitaji 7 au zaidi, na kwamba mwili usiopumzika hupandisha tansio. Iliniuma kuacha kazi za usiku, maana wateja wa ndoa wanangoja. Nilipunguza wateja. Sasa naamka kwa umeme wiki ya Noeli peke yake.

Kuhusu uzito, usijipime kila siku. Mimi natumia kile nilichonacho kazini, utepe wa kupimia. Kwenye daftari la wateja nina ukurasa wangu, jina langu juu kama mteja yeyote. Kiuno kinatakiwa kisizidi nusu ya urefu wa mtu. Mimi nina sentimita 162, kwa hiyo nusu ni 81. Nilianza na 106. Baada ya mwaka mmoja 98, leo 92. Tansio imekuwa 13 kwa 8 mara nyingi, na dawa bado nameza. Daktari amepunguza kidonge kimoja. Alikipunguza yeye, si mimi.

Jumatatu basi, kabla hujafungua duka, pita kituo cha afya. Kaa dakika 5 miguu chini, upimwe mara mbili. Rudi Alhamisi ufanye hivyo hivyo. Jumamosi mwambie anayekupikia akumwagie kwenye karatasi chumvi ya chungu cha jioni, uhesabu vijiko mwenyewe. Kisha uniandikie hapa hizo namba zote, na urefu wako na kiuno, nitakujibu nikimaliza kazi za jioni.