Watoto wa boma na chekechea

Dada, umeuliza mfanyeje hapo Samburu, kaskazini mwa Kenya: chekechea iko mbali, mwalimu haongei Kisamburu, na mtoto wa miaka mitatu analia hadi arudishwe. Mimi nisingemlazimisha. Ulizia loipi, yaani malezi ya pamoja ya watoto kivulini karibu na nyumbani. Tangu miaka ya 1990 wazazi Wasamburu wamekuwa wakizungushia ua chini ya mti wenye kivuli, nyanya wakibaki na watoto: nyimbo, hadithi, uji, vibuyu vya kuchezea. Mama anachota maji bila wasiwasi.

Ongeeni na mhudumu wa afya ya jamii aje hapohapo kuwapima uzito na kufuatilia chanjo. Mlezi na vifaa, daini serikali ya kaunti; katiba ya Kenya ya 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya awali. Nendeni wengi, mama mmoja huambiwa arudi kesho.