Viroba 40 Vilivyorudi Uyole

Wiki iliyopita dada mmoja wa Makambako kaniandikia. Kanunua mashine ya kukoboa na kusaga, anataka unga wake wa mahindi uongezwe virutubishi, anauliza: utauzika? Nilitaka kumjibu mistari miwili nikashindwa, maana jambo lenyewe bado linaniuma.

Mimi niliingia kwa mbwembwe. Nilikuwa nimezisoma takwimu za utafiti wa afya wa taifa wa 2022: Iringa karibu watoto 57 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, Njombe na Rukwa karibu nusu, wakati nchi nzima ni 30. Yaani sisi wa huku Nyanda za Juu Kusini tunaojaza malori ya mahindi kwenda Dar! Nikajiona mimi ndiye nitakayelimaliza tatizo hilo. (Cheka tu, hata mume wangu alicheka.)

Nikafunga kwenye mashine yangu hapa Uyole, Mbeya, kile kifaa kinachopima virutubishi na kuvitia kwenye unga. Kinachoingia ni madini ya chuma, zinki, foliki asidi na vitamini B12, haifiki hata gramu moja kwa kilo, huioni wala huionji. Nikachapisha mifuko mipya, nembo ya virutubishi kubwa kuliko jina langu. Bei nikapandisha shilingi 100 kwa kilo. Nikapeleka viroba 40 vya kilo 5 kwa mangi mmoja mwenye duka Ilomba.

Wiki tatu baadaye akanipigia nikachukue mzigo. Nilivikuta pale pale, na vumbi juu. "Dada, wananiuliza huu unga una nini, mimi sina jibu."

Nikiwa bado nimesimama hapo kwa aibu, akaingia mama mmoja na mtoto mgongoni. Akachota unga kidogo kwenye gunia lililofunguliwa, akausugua kiganjani kwa kidole gumba, akausogeza mlangoni kwenye mwanga. "Huu mweupe. Utavimba huu. Nipimie moja na nusu." Akalipa, akaondoka. Kiroba changu hakukitupia hata jicho.

Mdogo wangu wa Makambako, somo lote liko hapo. Unga wangu ulikuwa mweupe kama ule, ila nilikuwa nimeufungia ndani ya mfuko asioweza kuona kitu. Halafu yeye ananunua wa leo na kesho asubuhi, mimi nimemwekea kilo tano. Ile tofauti ya 500 kwa kiroba kwake ni fungu la nyanya. Na unga wa kupima hauna mfuko, kwa hiyo nembo hata angeijua angeionea wapi?

Uvumi nao ulikuwepo. Kuna waliosema unga wenye virutubishi una dawa ya kuzuia uzazi. Nilibishana nao mpaka sauti ikakauka, nikieleza kwamba foliki asidi ndiyo inayomkinga mtoto tumboni asizaliwe na mgongo wazi. Hakuna aliyebadilika kwa mdomo wangu.

Lakini kilichonimaliza ni mama muuza vitumbua, jirani wa mashine. Siku hiyo mama mkwe alikuwa ameniletea mahindi debe mbili kutoka Mbozi. Nikayakoboa, nikasaga ya nyumbani kwangu, na kile kifaa nikakizima, maana virutubishi nanunua kwa hela. Yule muuza vitumbua akaniangalia kimya mpaka nilipomaliza. "Mama, mbona unga wako mwenyewe huutii virutubishi?"

Sikuwa na la kumjibu. Hata sasa sina.

Tangu siku hiyo ugali wa kwangu unatoka kwenye kifaa kile kile. Jumamosi napika sufuria moja hapo mashineni, anayetaka anamega, anaona unavyovimba. Nikaacha viroba, nikafunga pakiti za kilo moja. Duka linalouza kwangu naliachia bakuli la unga wa kuonjesha mkono. Bei nimeirudisha ilipokuwa, faida ikapungua, nikavumilia. Ushauri wangu basi ndio huo: kamuulize anayepika. Usimuulize mtaalamu, wala mimi, muulize anayepika, tena umuulize akiwa ameshika hela mkononi.

Na ninyi mnaosema "si wale dona tu", sawa, dona ni bora kuliko sembe tupu, kiini na pumba vinabaki. Ila dona halikai, mafuta ya kiini huchacha, na wageni wakija mnapika sembe wenyewe. Tusidanganyane. Kanuni za kuongeza virutubishi zipo tangu 2011. Viwanda vikubwa vya ngano vina uwezo wa kuzifuata, lakini mahindi yetu yanasagwa kwenye vijimashine vya mitaani kama changu. Ukikizima kifaa kwa kubana hela, hakuna atakayejua isipokuwa wewe na muuza vitumbua. Na ninyi kina baba mnaoacha elfu mbili mezani ya unga, mboga na mkaa, kisha mnauliza kwa nini mtoto hakui, msininyooshee kidole mimi mwenye mashine.

Juzi mangi yule yule wa Ilomba kapiga simu, anataka pakiti 60. Nimempakilia kwenye bajaji, ila nimemwambia atume hela kwanza.