Hoteli ya Ufukweni Inapochelewa, Anayelipa Ni Nani?

Siku jiwe la msingi lilipowekwa nilikaa safu ya pili, nimevaa shati jipya, na nilipiga makofi kwa moyo wote. Mchoro mkubwa ulikuwa umetundikwa nyuma ya meza ya mgeni rasmi: vijumba vya wageni vilivyopangwa kufuata mkunjo wa ufuo, bwawa la kuogelea lililoonekana kana kwamba linamwagikia baharini, gati la mashua za starehe, na watu wembamba wakitembea pole pole juu ya mchanga ambao, nilipoutazama vizuri siku nyingine, niligundua kuwa ndipo tunapopandishia mashua zetu. Tuliambiwa kazi ingechukua miaka mitatu. Huu ni mwaka wa tisa, na kilichosimama ni jengo la mapokezi lisilo na madirisha, nguzo za majengo mawili, na uzio wa mabati ya buluu ambayo jua limeyachubua yakawa ya kijivu.

Nimekuwa katibu wa kamati ya wakazi kwa miaka sita kati ya hiyo tisa. Mimi si mhandisi wala mwanasheria, na ninayoyaeleza hapa ni yale niliyoyaona na niliyolazimika kuyasoma usiku ili nisiaibike kikaoni. Nawaandikia wale ambao ndio kwanza wamefunuliwa mchoro wao. Swali ambalo kila mtu huanza nalo ni kama mradi ni wa kweli au ni utapeli, na swali hilo lilitupotezea miaka miwili ya mabishano yasiyo na tija. Mradi unaweza kuwa wa kweli kabisa, ukawa na vibali, wahandisi na nia njema, na bado ukachelewa mwaka hadi mwaka, huku gharama ya kuchelewa huko ikiwaangukia watu ambao hawakutia saini popote. Swali lenye faida ni hili: mradi ukichelewa, anayelipa ni nani, na limeandikwa wapi?

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwezi wa nne baada ya sherehe, niliposikia kwamba mkandarasi angeleta mafundi 300, nilichukua mkopo nikajenga vyumba vinne vya kupangisha nyuma ya nyumba yangu. Mafundi waliokuja walikuwa 40, wakakaa miezi saba, kisha asubuhi moja wakaondoka na magodoro yao juu ya lori, wakidai mishahara ya miezi miwili. Hakuna aliyenidanganya. Tarehe ya kukamilika ilikuwa imeandikwa kwenye kipeperushi, nami nikaipigia hesabu za marejesho kana kwamba imeandikwa kwenye mkataba. Niliuza mashua ya marehemu baba ili kulimaliza deni. Aliyeinunua bado anaitumia, na jioni ninapoiona ikirudi hutafuta shughuli nyingine ya kufanya.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwa mfuko wako: usikope, usiuze chombo cha kazi na usiache ajira kwa kutegemea tarehe ya ufunguzi iliyotangazwa jukwaani. Ukitaka kuwekeza kwa sababu ya mradi, wekeza katika kitu ambacho kitakulipa hata hoteli isipofunguliwa. Jirani yangu mmoja alinunua mashine ya kufyatulia matofali wakati ule ule niliojenga vyumba. Mafundi walipoondoka, yeye aliendelea kuwauzia watu wengine matofali, kwa kuwa mteja wake hakuwa mmoja.

Ilinichukua muda kuelewa kwa nini miradi ya aina hii huchelewa, na nilipoelewa, hasira yangu ilipungua, ingawa tahadhari yangu iliongezeka. Mara nyingi fedha zote hazipo siku ya jiwe la msingi. Mwekezaji huanza na mtaji ambao sehemu yake kubwa huishia kwenye ardhi, michoro na vibali. Kinachobaki hutegemea mkopo wa benki unaotolewa kwa awamu, na awamu inayofuata haitoki mpaka masharti fulani yatimie, kwa mfano idadi fulani ya nyumba za kifahari iwe imeuzwa zikiwa bado ni michoro. Mauzo yakizorota, benki hushika mkono; benki ikishika mkono, mkandarasi hupunguza mafundi; mafundi wakipungua, wanunuzi waliotoa malipo ya awali huingiwa na hofu, na mauzo huzidi kuzorota. Ndiyo maana katika mkutano wa kwanza ni afadhali kuacha kidogo habari za idadi ya vyumba, mkauliza ni sehemu gani ya fedha iko mkononi leo, ni sehemu gani inasubiri mkopo, ni sehemu gani inasubiri wanunuzi, na kama fedha za wanunuzi hao zimetengwa katika akaunti ya amana au zinaingia moja kwa moja kwenye matumizi ya ujenzi. Mwekezaji makini hujibu bila kukasirika. Wetu alituonyesha mchoro mwingine.

Wala msidhani kwamba ukubwa wa mradi au ukaribu wa kuumaliza ni kinga. Baha Mar, huko Nassau katika visiwa vya Bahamas, ulikuwa mradi wa dola za Marekani bilioni 3.5 hivi. Ulipangwa kufunguliwa Desemba 2014, tarehe ikasogezwa, na Juni 2015, majengo yakiwa yamekaribia kabisa kukamilika, kampuni iliyouanzisha ikaomba ulinzi wa sheria ya ufilisi. Wafanyakazi wapatao 2,000, ambao walikwisha kuajiriwa kwa ajili ya hoteli ambayo haijapokea mgeni, walipoteza kazi mwaka huo huo. Milango ilianza kufunguliwa Aprili 2017, chini ya mmiliki mwingine. Ukiyatazama majengo ya Baha Mar leo utasema mradi ulifanikiwa, na ni kweli, lakini aliyeachishwa kazi mwaka 2015 alikuwa na miaka miwili ya kulisha watoto katikati ya hadithi hiyo.

Katika kamati yetu kilichotusaidia kuliko hotuba zote ni daftari. Mlinzi mmoja wa zamani, ambaye nyumba yake inatazamana na lango la mradi, alikubali kuandika kila siku magari yaliyoingia na yalichobeba, idadi ya mafundi waliohesabika kwa macho, na siku ambazo lango halikufunguliwa kabisa. Katika mwezi mmoja ambao taarifa ya kampuni ilidai kuwa kazi inaendelea kwa kasi, daftari lilionyesha malori mawili ya kokoto na gari moja la maji. Tulipeleka nakala kikaoni bila maneno mengi. Tangu siku hiyo taarifa zao zikaanza kuwa na tarakimu.

Jifunzeni pia kuzisoma nondo. Nondo zinazochomoza juu ya nguzo zikisubiri ghorofa inayofuata ni kama saa ya ukutani, hasa kando ya bahari, kwa sababu chumvi iliyomo hewani huzishambulia haraka. Zikiwa na rangi ya chungwa nyepesi juu juu, kazi haijasimama muda mrefu. Zikianza kumomonyoka magamba ukizigusa, mradi umelala. Jambo hili si la kutazama tu. Chumvi ikipenya hadi kwenye chuma kilichomo ndani ya zege, kutu inayotokea huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe na hulipasua zege kutoka ndani, kwa hiyo mkandarasi mpya akija baada ya miaka mitano na kutaka kuendelea juu ya nguzo zile zile, ni haki yenu kuuliza ni mhandisi gani amezipima na ripoti yake iko wapi.

Sasa nizungumzie mashaka. Katika kila mahali penye mradi kama huu hutokea mgawanyiko kati ya wanaoitwa wapenda maendeleo na wanaoitwa wapinzani, na mimi nimeitwa majina yote mawili, wakati mwingine katika wiki moja. Mashaka yasiyo na ushahidi huchosha na hugeuka uvumi. Mashaka yaliyoandikwa mapema huokoa hata fedha za mwekezaji. Mfano ninaopenda kuutoa ni hoteli ya Algarrobico, katika ufukwe wa Carboneras, kusini mwa Hispania, yenye vyumba 411. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1988 iliweka ukanda wa hifadhi wa mita 100 kutoka ukingo wa pwani, na eneo lenyewe limo ndani ya hifadhi ya asili ya Cabo de Gata-Níjar, lakini vibali vya ujenzi vilitolewa hata hivyo. Mahakama ilisimamisha kazi mwaka 2006 jengo likiwa karibu kukamilika, na mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasema ardhi ile haikustahili kujengwa. Jengo likabaki limesimama tupu mlimani, jeupe, likitazama bahari. Kupima kwa kamba umbali wa kutoka majini mwanzoni kabisa kungekuwa kazi ya asubuhi moja.

Sisi tulipima. Wazee walitupeleka ufukweni wakati wa maji ya bamvua, tukaweka vigingi pale maji yalipofika, kwa sababu mstari uliochorwa kwenye ramani ya mradi ulikuwa umefuata maji ya siku ya kawaida. Tofauti ilikuwa hatua 19 za mtu mzima. Kijumba cha kwanza katika safu ya mbele kingekuwa kinaoga mara mbili kwa mwezi.

Maji ya visima ndiyo mahali tulipochelewa, na ningependa nyinyi msichelewe. Katika ardhi ya pwani yenye mchanga au mawe ya matumbawe, maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi yaliyojipenyeza kutoka baharini, na kuna kanuni, iliyopewa majina ya Ghyben na Herzberg, inayosema kwamba kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 za maji baridi chini yake. Igeuze kanuni hiyo uone hatari yake: ukivuta maji mpaka kina cha juu kikashuka mita moja, mpaka wa chumvi unaweza, baada ya muda, kupanda mita 40. Mradi wetu ulichimba visima vitatu virefu kwa ajili ya kuchanganya zege na kumwagilia nyasi za bustani iliyotangulia hoteli yenyewe (sijapata kuelewa kwa nini nyasi zilihitajika kabla ya kuta). Mwaka wa tatu, kisima kilicho karibu zaidi na uzio kilianza kuwa na ladha. Tulilalamika, tukaambiwa kilikuwa na chumvi tangu zamani, na hatukuwa na karatasi ya kuthibitisha vinginevyo. Pelekeni maji ya visima vyenu vyote yapimwe kabla chombo cha kwanza cha kuchimba hakijaingia, mhifadhi majibu yenye muhuri, na mrudie kila mwaka. Gharama yake mtachangishana bila kuumia.

Vivyo hivyo piga picha za ufuo kutoka mahali pale pale, kila baada ya miezi michache. Mchanga husafiri kandokando ya pwani ukisukumwa na mawimbi, na ukuta au gati linapoingia majini hulundika mchanga upande mmoja na kuunyima upande wa pili. Gati lisilokamilika hufanya kazi hiyo ya uharibifu sawasawa na lililokamilika.

Kuhusu mkataba wa maelewano kati ya wakazi na mradi, tulipata vipengele viwili na tukakosa kimoja. Tulichopata kwanza ni kwamba uzio unasogezwa kwa awamu: eneo ambalo ujenzi wake haujaanza halizungushiwi mabati, na njia ya kufikia maji inabaki wazi. Tulipata pia kikao cha kila miezi mitatu chenye muhtasari unaosainiwa na pande zote mbili kabla watu hawajanyanyuka, maana muhtasari unaoletwa baadaye hurudi umenyolewa. Tulichokosa ni dhamana ya benki ya kurejesha eneo katika hali yake iwapo kazi itasimama kwa kipindi kilichotajwa, tuseme miezi 12. Tuliliomba jambo hilo mwaka wa nne, baada ya kusimama kwa mara ya pili, na wakati huo mwekezaji hakuwa tena na fedha za kuweka dhamana hata kama angetaka. Liombeni kabla ya jiwe la msingi, wakati kila mtu bado anatabasamu. Wakati huo ndio pekee ambao wakazi wana kitu ambacho mwekezaji anakihitaji, yaani ridhaa yao katika tathmini ya athari kwa mazingira.

Mwezi uliopita mama mmoja ninayepakana naye alikuja na karatasi kutoka kwa dalali wa mradi. Wanataka kiwanja chake kilicho nyuma ya uzio, watampa sehemu ndogo sasa na iliyobaki hoteli itakapofunguliwa. Aliniuliza kama atie saini. Nilimwambia aandike barua, asiende kuuliza kwa mdomo, atake sehemu iliyobaki ifungwe na tarehe ya kalenda badala ya siku ya ufunguzi, na atake kiwanja kimrudie tarehe hiyo ikipita bila malipo. Alirudi juzi akiwa na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni, ameiweka kabatini, na bado anasubiri jibu.