Ndoa imetimiza miaka, twende wapi? Majibu ya barua zenu

Tangu niliposimulia hapa kwamba mimi na mume wangu tuliadhimisha miaka ishirini ya ndoa kisiwani Mauritius, maswali yananifuata hadi Soko la Kilombero hapa Arusha. Wengi mnauliza jambo moja kwa sura tofauti: tunataka kuvuka maji walau mara moja, mfuko wetu mdogo, tuelekee wapi? Leo nazijibu barua saba. Nitakalorudia ni hili: kabla ya kutazama picha za fukwe, jueni ni nchi zipi zinampokea Mtanzania bila viza. Wengi huanza na picha, na akiba ikaishia kwenye fomu.

Dada, mimi ni muuguzi, mume wangu ni mwalimu, tunaishi Sakina. Desemba tunatimiza miaka 10 na kikoba kitatupa milioni sita. Tulikuwa tunawaza Dubai, ila umeisifu sana Mauritius. Hela hiyo itatosha?

Itatosha kwa siku tano za kiasi, mradi tiketi mbili zisile zaidi ya nusu yake. Ndiyo maana nawasihi msiende Desemba. Mwezi huo kila mtu yuko safarini, tiketi zinapaa, na tena Mauritius inakuwa imeingia msimu wa vimbunga, unaoanza Novemba hadi Aprili. Kuleni keki nyumbani siku yenyewe, safari muiweke Mei au Septemba. Ndoa haitapungua umri.

Mtanzania haombi viza Mauritius. Utaonyesha tiketi ya kurudi, mahali pa kulala na hela ya kujikimu, na fomu ya kuingia mnaijaza mtandaoni kabla ya kuondoka. Sisi tulipitia Namanga hadi Nairobi kwa gari, kisha ndege ya takriban saa nne. Tulipanga chumba chenye jiko Flic en Flac, tukazunguka kisiwa kwa mabasi ya kawaida. Mchana tulikula dholl puri za barabarani: chapati mbili laini, nyembamba kama kitambaa, zenye dengu za kusaga ndani. Muuzaji anazipaka mchuzi wa maharage na achari ya pilipili, anazikunja kwenye karatasi, mnakula mmesimama. Hatukuingia mgahawa mkubwa ila usiku mmoja, na usiku huo ndio tuliokuwa tumeuwekea hela.

Msikose kufika Le Morne, kusini-magharibi. Ni mwamba mkubwa wenye urefu wa mita 556, umesimama peke yake juu ya bahari. Watumwa waliotoroka walijificha huko, na tangu 2008 ni Urithi wa Dunia. Mtanzania hawezi kupaangalia kama mgeni. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, na kisiwa hiki, ambacho wakati huo Wafaransa walikiita Île de France, ndicho kilichokuwa na njaa ya watu hao. Utumwa ulikomeshwa pale tarehe 1 Februari 1835. Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Alivua kofia, akasimama chini ya ule mwamba muda mrefu, kisha akanishika mkono tukarudi kituoni bila kuzungumza. Katika safari nzima, hicho ndicho ninachokikumbuka kila siku.

Kuhusu Dubai: viza inahitajika, na Juni hadi Agosti joto lake si la kutembea mkiwa mmeshikana mikono. Kama lengo ni maduka, sawa. Kama lengo ni ninyi wawili, nendeni Mauritius.

Kadi ya njano ni lazima kweli? Wakala anasema tutakwenda tu. (Msomaji, Ngaramtoni)

Chanjeni. Nchi kadhaa humdai kadi abiria aliyetoka au aliyepitia nchi yenye homa ya manjano, na Kenya na Ethiopia, ambako ndege zetu nyingi huunganishia, zimo kwenye orodha ya nchi zenye homa hiyo. Chanjo ipigwe angalau siku kumi kabla ya safari, kwenye kituo kinachotambuliwa na serikali. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hudumu maisha yote, kwa hiyo aliyechanjwa zamani asirudie kwa sababu ya tarehe.

Halafu kiwekeni pamoja na pasipoti. Sisi tulifika Namanga ndipo mume wangu alipopapasa mfuko wa koti akabadilika uso. Kadi yake ilikuwa nyumbani, kwenye droo ya kabati, imebanwa katikati ya kadi za kliniki za watoto. Kijana wetu aliitia kwenye bahasha ya kaki akakimbia nayo kumpa dereva wa gari lililofuata la Nairobi. Tulikaa mpakani juu ya mabegi, tukihesabu kila gari linaloingia, mpaka bahasha ikaletwa. Ndege tuliiwahi, lakini sitaki yeyote kati yenu akae pale kama tulivyokaa.

Mke wangu tangu tuko wachumba anasema Paris. Mwakani ni miaka 25 ya ndoa. Nina milioni saba, na benki iko tayari kuniongezea mkopo. (Mfanyabiashara, Moshi)

Kaka, nakuheshimu kwa kulikumbuka neno la mchumba wako robo karne. Lakini usikope. Viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya, tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima, kwa hiyo ninyi wawili ni yuro 180, na ukikataliwa hazirudi. Ongeza bima ya safari isiyopungua yuro 30,000 za matibabu, kisha taarifa za benki. Fedha ya mkopo iliyoingia wiki iliyopita haimshawishi ofisa; anataka kuona biashara inayoingiza na kutoa kwa utulivu miezi mingi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari.

Kwa hiyo muulize mama jioni moja, bila haraka: ni Paris yenyewe, au ni kuwa mbali na duka, simu na wageni, katika jiji kubwa? Akisema ni Paris yenyewe, wekeni akiba miaka miwili zaidi mwende na 27. Akisema ni jiji, tazameni Kuala Lumpur. Mtanzania huingia Malaysia bila viza kwa matembezi mafupi, akijaza tu kadi ya kidijiti kabla ya kufika. Tiketi ndiyo nzito, na kutoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) mnaweza kuunganishia Doha. Mkishatua, chakula na usafiri ni nafuu. Mtapanda ngazi 272 za mapango ya Batu, mtaona minara ya Petronas yenye mita 452 ikiwaka taa usiku, na mkipata siku mbili za ziada nendeni Penang mkatembee George Town kwa miguu.

Shikamoo mama. Tuna miaka mitatu tu ya ndoa. Mke wangu anataka Maldives, zile nyumba juu ya maji. (Njiro)

Marahaba mwanangu. Zile nyumba ni za hoteli zinazomiliki kisiwa kizima, na nauli ya boti au ya ndege ndogo ya kuwafikisha huko inaweza kuwashinda kuliko chumba. Kuna njia nyingine: visiwa wanavyoishi wenyeji, kama Maafushi, ambako kuna nyumba za wageni na boti ya abiria kutoka Malé. Viza hupewa uwanjani bure kwa siku 30. Kodi ya mazingira kwenye nyumba ndogo za visiwa hivyo ni dola 6 kwa mtu kwa usiku, wakati kwenye hoteli kubwa ni 12. Mjue tu kwamba ni nchi ya Kiislamu: pombe hairuhusiwi kwenye visiwa vya wenyeji, na nguo za kuogelea zina ufuo wake maalumu.

Nikuambie na la moyoni. Kama anachopenda ni maji ya buluu na mchanga mweupe, bahari hiyohiyo ya Hindi inapiga Paje na Mafia. Sikukatazi. Ila ukivuka bahari yote hiyo, afadhali uende penye kitu ambacho kwetu hakipo.

Tuko Himo. Tuna milioni moja na laki mbili, basi. Tukae nyumbani? (Mama wa watatu)

Hapana, dada yangu! Ninyi mko jirani na mlango kuliko sisi wote. Vukeni Holili kuingia Taveta, mpande gari hadi Voi, na pale Voi kuna kituo cha treni ya SGR ya Mombasa. Hakuna viza kwa mwana Afrika Mashariki, ila hati ya kusafiria mnahitaji. Laleni mtaa wa kawaida mjini, asubuhi mle mahamri kwa mbaazi. Ingieni Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593. Kivuko cha Likoni hakimtozi mtembea kwa miguu, na ng'ambo ya pili kuna magari ya kwenda Diani. Usiku tatu zinatosha, na mtarudi na chenji ya ada.

Wakala ametutaka tulipe safari yote kwa dola, kwa namba yake binafsi ya simu, kabla Ijumaa "ofa isiishe". (Wanandoa, Usa River)

Msilipe. Tangu Machi 2025 kanuni zinataka bei za bidhaa na huduma hapa nchini zitajwe na kulipwa kwa shilingi. Hilo la kwanza. La pili, malipo yaende kwenye akaunti yenye jina la kampuni, na risiti mkononi. La tatu, akishakata tiketi awape namba yake. Tiketi halisi ina tarakimu 13. Ingieni wenyewe kwenye tovuti ya shirika la ndege mwone majina yenu. Na majina hayo yafanane na pasipoti herufi kwa herufi: kama pasipoti ya mke bado ina jina la baba yake, tiketi nayo iwe na jina la baba yake, hata kama mtaani anaitwa kwa jina lako.

Nayasema haya kwa uchungu. Dada yangu aliwahi kupoteza akiba ya miaka miwili kwa mtu aliyekuwa na ofisi nzuri yenye kapeti. Siku ya safari ofisi ilikuwa na kufuli.

Mwanangu, natimiza miaka 40 ya ndoa. Ndugu wanataka ukumbi, kamati na ndafu. Watoto wetu wanataka kutusafirisha. Mama yao hajawahi kupanda ndege, na magoti yanamsumbua. (Mzee, Marangu)

Shikamoo baba, na hongereni sana. Ndafu si adui. Iweni na misa ya shukrani parokiani, ndugu wapate chai na nyama nyumbani, bila kamati na bila kadi za michango. Hela ya ukumbi na mapambo ndiyo tiketi yenu.

Kwa magoti ya mama nisingechagua safari ya usiku kucha. Nendeni Rwanda. Ndege ya RwandAir hutua KIA, viza hakuna, na kutoka Kigali barabara nzuri ya milimani inawafikisha Rubavu, kando ya Ziwa Kivu, mahali pa kukaa barazani mkatazama maji. (Kwa vijana wanaonisoma: raia wa Afrika Mashariki hulipa dola 200 kuwaona sokwe wa milimani huko, wakati mgeni wa mbali hulipa 1,500. Ila ni kupanda mlima kwenye matope, si kwa mama.)

Mtoto atakayekata tiketi aombe hapohapo huduma ya kiti cha magurudumu. Haina malipo, na mama atasukumwa kutoka mlango wa uwanja hadi mlango wa ndege. Aombe pia viti viwili vilivyo jirani, mama akae dirishani. Ndege ikiinuka KIA asubuhi kukiwa kweupe, muonyeshe Kibo kutoka juu. Miaka yote ameutazama ule mlima kutoka chini.